Boti mbili juu ya magurudumu: muzigo uliopita Lubumbashi katika mwaka wa 1915

KASUNGAMI, LUBUMBASHI. – Jeep ya familia inayokokota remorki haishangazi tena watu wa Kasungami. Nyuma ya jeep wanafunga vitanda, magodoro, mifuko ya unga na ya makala, bidoni za maji, wakati mwingine hata mbuzi. Wengine wanahama nyumba tu, kutoka mutaa mumoja kwenda mwingine. Wengine wanafika kutoka mbali, kwa sababu vita imewafukuza kule Tanganyika, Mitwaba ao Pweto, na vile vinavyokaa juu ya remorki ndiyo mali yote iliyobaki.

Wachache wanajua kama muji huu uliona muzigo wa namna hiyo zamani sana, wakati ulikuwa na miaka mitano tu na uliitwa bado Élisabethville. Kwa mwisho wa mwezi wa 7 mwaka wa 1915, treni kutoka kusini ilileta hapa boti mbili za vita. Zilikuwa zinaenda kwenye ziwa Tanganyika. Kati ya Lubumbashi na ziwa hakukuwa njia ya reli inayofika moja kwa moja, na hakukuwa barabara ya gari. Kwa hiyo boti zikawekwa juu ya magurudumu, zikafungwa nyuma ya mashini, na zikakokotwa kupita milima ya Mitumba.

Habari hiyo inajulikana sana Ulaya, ambako wameiandikia vitabu. Huku Katanga, ambako kazi yenyewe ilifanyika, haisimuliwi sana. Na ina somo kwa kila mutu anayefunga muzigo nyuma ya gari leo.

Mbele ya mashini: kichwa na bega

Katika Katanga ya zamani, muzigo ulisafiri juu ya mwili wa mutu. Misalaba ya shaba, chumvi, pembe za tembo na vitambaa, vyote vilibebwa kichwani ao begani. Misafara iliyofika Bunkeya, kwa mwami Msiri aliyeuawa katika mwezi wa 12 mwaka wa 1891, ilitoka pwani ya mashariki na pwani ya magharibi kwa miguu. Sababu kubwa ilikuwa mbung'o. Inzi huyo anaua ng'ombe na farasi kwa ugonjwa, na mahali mbung'o anapokaa mukokoteni hauna mwenye kuuvuta.

Treni ya kwanza ilifika Élisabethville tarehe 27 mwezi wa 9 mwaka wa 1910, ikitokea kusini, upande wa Rhodesia. Kutoka siku hiyo, muzigo muzito uliweza kutoka Cape Town hadi hapa bila kugusa kichwa cha mutu. Reli ikaendelea kwenda kaskazini, lakini kidogo kidogo. Katika mwaka wa 1915 ilikuwa inaishia Fungurume. Kulikuwa kipande kingine kidogo cha reli mbele, kati ya Sankisia na Bukama, kwenye muto Lualaba. Kati ya Fungurume na Sankisia kulibaki karibu kilomita 235 za pori na milima.

Juu ya nini boti zilipelekwa

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, katika mwezi wa 8 mwaka wa 1914, Wajerumani walikuwa upande wa pili wa ziwa Tanganyika, kule Kigoma. Walikuwa na meli ndogo mbili zenye silaha, Kingani na Hedwig von Wissmann. Kabla mwezi huo haujaisha, walishambulia na kuharibu meli ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune. Toka hapo ziwa lote likawa mikononi mwao. Waliweza kushuka kwenye pwani ya Kongo wakati waliotaka, na Wabelgiji hawakuweza kuvuka kwenda kuwafuata.

Katika mwaka wa 1915, muwindaji wa tembo, John Lee, aliyeijua inchi hii vizuri, alipeleka wazo London. Alisema kama boti za mota zinaweza kuletwa kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni hadi Katanga, kisha kukokotwa juu ya milima hadi kwenye maji. Wakubwa wa jeshi la bahari la Uingereza wakakubali. Walimuweka afisa wao, Geoffrey Spicer-Simson, kuwa kiongozi wa safari, na Lee alitumwa mbele kutafuta njia na kuifungua.

Boti zilikuwa mbili, za mbao, kila moja na urefu wa meta kama 12. Mbele ziliwekwa muzinga mudogo, nyuma bunduki ya mashini. Spicer-Simson alizipa majina Mimi na Toutou, majina ya kuitia paka na mbwa kwa Kifaransa cha watoto. Zilitoka Uingereza katikati ya mwezi wa 6. Tarehe 26 mwezi wa 7 zilikuwa Élisabethville. Siku kumi hivi nyuma yake zilikuwa Fungurume, na hapo reli ikaisha.

Kilomita 235 kwa siku 41

Leo dereva anayetoka Lubumbashi asubuhi anapita Fungurume kabla ya jioni, na anaiona kama kituo cha migodi. Katika mwaka wa 1915, Fungurume ilikuwa mwisho wa reli, na pori mbele yake. Mashini mbili za moto, zile kubwa zenye magurudumu ya chuma zinazochoma kuni na kunywa maji, zililetwa pale kwa treni. Kila boti ilikuwa imelala kwenye kitanda cha mbao juu ya magurudumu. Ng'ombe wa kukokota waliongezwa. Tarehe 18 mwezi wa 8 musafara ukaondoka.

Ulifika Sankisia tarehe 28 mwezi wa 9. Hesabu ni rahisi: kilomita 235 kwa siku 41, maana yake karibu kilomita 6 kwa siku. Mutoto wa shule anayetembea kwa miguu anaweza kupita mwendo huo.

Juu ya nini polepole hivyo? Mashini zilikuwa na nguvu. Lakini mashini yenye nguvu ni nzito, na udongo laini hauchague: ulimeza magurudumu ya mashini kabla ya kumeza ya boti. Kila kijito kilitaka daraja, na daraja la kupitisha mutu haliwezi kupitisha mashini ya chuma. Njiani kulijengwa madaraja zaidi ya 100, kwa miti iliyokatwa palepale. Mawe yaliondolewa kwa mikono, vichuguu vilivunjwa, miti iling'olewa na visiki vyake, kusudi upana wa njia utoshe boti.

Kazi hiyo haikufanywa na wale mabaharia wa Uingereza, ambao hawakufika hata 30. Ilifanywa na mamia ya wanaume wa vijiji vya Katanga, walioitwa kazini kwa shoka na jembe. Mbele ya mashini ya kwanza kulitembea watu wenye majembe, na nyuma ya mashini ya mwisho watu wa kamba.

Wanamuke wa maji

Kisha kukatokea shida ambayo wakubwa wa London hawakuipima vizuri. Mwezi wa 9 ni mwisho wa kiangazi. Vijito vingi vimekauka. Mashini ya moto bila maji haina kazi: inasimama, na boti inasimama nyuma yake. Mashini zilikuwa zinakunywa maji mengi kila siku, na watu na ng'ombe walikuwa na kiu vilevile.

Wakati maji yalikosekana kabisa, waliitwa wanamuke wa vijiji vya karibu. Walikwenda kuyatafuta mbali, wakayaleta kichwani katika vyungu na mitungi, na wakayamimina ndani ya tumbo la mashini. Kwa hiyo mashini iliyoletwa kusudi muzigo usibebwe tena kichwani haikuweza kuendelea bila maji yaliyobebwa kichwani.

Vitabu vinaandika majina ya maofisa, ya boti, hata majina ya wanyama waliofugwa na mabaharia. Majina ya wanamuke hao hayakuandikwa. Lakini wanamuke wa Kasungami wanaotembea na bidoni asubuhi wataelewa kazi hiyo bila kuelezwa.

Kupanda, na kushuka

Kwenye milima ya Mitumba njia ilipanda hadi karibu meta 1,800 juu ya bahari. Mahali pengine mashini peke yake haikuweza. Magurudumu yalizunguka bila kushika. Hapo walitumia akili ya zamani: kamba kubwa ilizungushwa kwenye puli iliyofungwa kwa muti muzito juu ya mulima, upande mumoja ikafungwa boti, upande mwingine ng'ombe. Ng'ombe walipelekwa kutembea kuelekea chini, na boti ikapanda juu. Uzito wa ng'ombe na muteremuko wenyewe vikawa musaada.

Kila mutu anafikiri kama sehemu ngumu ni kupanda. Waliokokota boti walijifunza jambo lingine. Kwenye kupanda, muzigo ukikushinda, unasimama. Kwenye kushuka, muzigo ukikushinda, unakusukuma. Boti iliyokuwa inavutwa nyuma ya mashini inageuka kuwa nguvu inayofukuza mashini. Kwa hiyo kwenye muteremuko ilifaa kuhamisha nguvu kutoka mbele na kuiweka nyuma: kamba za kuzuia, watu na ng'ombe wa kurudisha, mwendo wa polepole kuliko ule wa kupanda. Kama wangeshuka haraka mara moja tu, mbao za Mimi na Toutou zingebaki chini ya mulima kama kuni.

Boti zilifika Sankisia zikiwa nzima.

Kutoka Lualaba hadi Kalemie

Kutoka Sankisia treni ndogo ilizipeleka Bukama. Pale zilishushwa katika Lualaba, lakini kiangazi kilikuwa kimepunguza muto. Mapipa matupu yalifungwa kando ya boti kusudi zielee juu zaidi, na hata hivyo zilikwama mara nyingi kwenye muchanga. Zilifika Kabalo katika mwezi wa 10. Kutoka Kabalo, reli ya Wabelgiji iliyomalizika mwaka huohuo ilizifikisha kwenye ziwa, karibu na mahali tunapoita leo Kalemie. Safari yote, kutoka Uingereza hadi ziwa, ilikuwa karibu kilomita 16,000.

Zilitiwa majini siku chache mbele ya Noeli. Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka wa 1915, meli ya Wajerumani Kingani ilikuja kuangalia pwani. Mimi na Toutou zikaifuata, na kwa dakika kama 11 ikashindwa na kukamatwa. Waingereza wakaitengeneza na kuiita Fifi. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka wa 1916, Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Wajerumani walikuwa bado na meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoletwa nayo kwa vipande: ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikatiwa ndani ya makasha 5,000 hivi, ikapita Dar es Salaam na reli ya Kigoma. Katika mwezi wa 7 mwaka wa 1916 waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma kusudi isikamatwe. Baadaye ilitolewa majini na kuanza kazi upya katika mwaka wa 1927 kwa jina la Liemba. Familia nyingi za Kalemie, Moba na Uvira zinaijua meli hiyo kwa sababu nyingine: katika mwaka wa 1997 ilirudisha Kongo makumi ya maelfu ya wakimbizi waliokuwa wamekimbilia Tanzania.

Nani aliyekokota?

Ukiuliza nani aliyefikisha boti kwenye ziwa, jibu la vitabu vingi ni Spicer-Simson, ao mashini zake mbili. Lakini Lee, aliyeleta wazo na kufungua njia, alifukuzwa katika safari kabla boti hazijaona ziwa. Na watu wa Katanga waliojenga madaraja, waliokata kuni, waliomwaga maji, waliozuia kamba, walirudi kwao ao walichukuliwa kwa kazi nyingine.

Kazi nyingine ilikuwepo. Ziwa lilipofunguliwa, jeshi la Kongo, Force Publique, liliingia katika inchi za Wajerumani na kukamata Tabora katika mwezi wa 9 mwaka wa 1916. Huko hakukuwa mashini wala reli ya kutosha. Hesabu inayotajwa mara nyingi inasema kama watu karibu 260,000 walitumikishwa kubeba mizigo ya vita hiyo. Wengi hawakurudi. Mwaka mumoja tu nyuma ya boti kupita juu ya magurudumu, muzigo ulirudi tena juu ya kichwa.

Hiyo ndiyo historia ya kukokota katika inchi hii. Mashini inakuja mbele, na watu wanafikiri kama kazi imekwisha. Kisha njia inakosekana, daraja linakosekana, maji yanakosekana, na mwili wa mutu unaitwa tena. Familia zilizokimbia ile pembe ya Manono, Mitwaba na Pweto, iliyoitwa pembe ya kifo, zinaijua historia hiyo kwa miguu yao. Wengine walikuwa na kinga ya kusukuma. Wengine walikuwa na kichwa na bega tu, kama wakati wa Msiri.

Remorki ya leo inafuata sheria ileile

Kwa wale ambao wamepata bahati ya jeep na remorki, ile safari ya 1915 inafundisha mambo ambayo fundi yeyote wa Lubumbashi atayakubali.

La kwanza: nguvu ya mota haitoshi. Kila gari lina uzito ambao limetengenezwa kukokota, na uzito huo unaandikwa katika kitabu cha gari. Jeep ndogo ya familia na Land Cruiser havilingani, hata kama vyote vinaweza kuondoka kituoni. Kuondoka na muzigo hakuonyeshi kama utaweza kuusimamisha.

La pili: freni. Remorki nyingi ndogo hazina freni zake. Huko Ulaya, remorki isiyo na freni hairuhusiwi kupita kilo 750 pamoja na muzigo wake. Sababu ni ileile ya Mitumba: kwenye muteremuko remorki inasukuma. Freni za jeep peke yake zinazuia gari, watu walio ndani, na ule uzito wa nyuma, na zikipata moto sana zinaacha kushika. Kwenye mulima, shuka na vitesi vidogo toka juu kabisa. Usingoje hadi mwendo umekuwa mukubwa.

La tatu: namna ya kupanga. Muzigo muzito ukae chini, karibu na magurudumu ya remorki, na mbele kidogo kuliko nyuma, kusudi remorki ilalie kidogo kwenye ndoano ya gari. Ukiweka mifuko mizito nyuma kabisa, remorki inainua mukia wa jeep, na kwa mwendo inaanza kuyumba kushoto na kuume hadi inalivuta gari kutoka barabarani. Fungeni kamba kwa nguvu, simameni kisha kilomita za kwanza mukaze upya, na munyororo wa usalama usikose, maana ndoano inaweza kufunguka.

La ine: watu hawakai juu ya remorki. Wakati wa kukimbia vita, wazee na watoto wanawekwa juu ya magodoro kwa sababu hakuna nafasi ndani. Jambo hilo linaeleweka, lakini remorki ikipinduka hakuna kitu kinachowalinda. Kama ni lazima kuchagua, vitanda vibaki, watu waingie ndani ya gari.

Na la mwisho: njia. Boti za 1915 zilipita kwa sababu mutu alitembea mbele kwanza, akaangalia kila daraja. Kwenye barabara ya Kasomeno na Pweto, hasa wakati wa mvua, dereva mwenye remorki anafaa kushuka na kuangalia daraja kwa macho yake, na kuuliza wenyeji kabla ya kuingia katika maji. Wenyeji hao ndio wajukuu wa wale waliofungua njia ya kwanza. Wanajua mahali ambapo udongo unameza magurudumu.

Katika siku 41 za Mitumba, watu walitumia muda mwingi kuandaa njia na kuzuia kamba, hawakukokota tu. Ndiyo maana boti za mbao zilifika nzima kwenye ziwa. Familia inayofunga mali yake yote nyuma ya jeep haina sababu ya kwenda haraka kuliko wao.